Kona ya Kushoto ya Beseni

Mwaka wangu wa pili kazini, katika maabara ndogo ya vyakula pale Sumbawanga mjini, alikuja mama mmoja kutoka Mollo amebeba mahindi kwenye kipande cha kitenge. Alikuwa mpishi wa shule ya chekechea ya huko kwao. Wazazi walikuwa wamechanga mahindi yakajaa stoo, na yeye ndiye aliyewapikia watoto uji kila asubuhi. Alikuwa amesikia redioni habari za sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo huwezi kuiona wala kuionja. Hakuna aliyemtuma.

"Nipimie, mwanangu," aliniambia. "Vikombe vyao vinatoka mikononi mwangu."

Nilisaga mahindi yake, nikapima unga kidogo, nikautia kwenye chupa pamoja na dawa ya kuivuta sumu, kisha chupa nikaiweka kwenye beseni letu la umeme lenye maji. Beseni lile hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii vizuri, isipokuwa mlio mwembamba wa kuudhi. Mawimbi hayo hutikisa chupa mpaka sumu iachane na unga na kuingia kwenye dawa. Tunachopima ni ile dawa. Sumu ikibaki kwenye unga, sisi hatuioni.

Siku hiyo beseni lilikuwa limejaa chupa za mfanyabiashara mmoja wa nafaka. Ya mama niliibana kwenye kona ya kushoto. Majibu yakatoka safi, nikamwandikia cheti, akanishukuru mpaka nikaona aibu.

Wiki tatu baadaye nilipima unga wa mfuko mmoja kwenye chupa mbili, kujihakiki tu. Chupa moja ikasema kuna sumu, nyingine ikasema hakuna. Nilidhani nimekosea kupima, nikarudia. Niliporudia mara ya tatu nikazibadilishia chupa nafasi, na majibu nayo yakabadilishana. Kosa halikuwa kwenye unga.

Chuoni tulifundishwa kujaribu beseni kwa karatasi ya foili: mawimbi yakiifikia, huitoboa. Nikatumbukiza vipande vitatu, nikawasha, nikangoja. Foili ya katikati na ya kulia ilitoka imetoboka kama chujio la chai. Ya kona ya kushoto ilitoka nyororo, inang'aa.

Unga wa mama ulikuwa bado umebaki kwenye friji. Niliupima upya, chupa ikiwa katikati. Sumu ilikuwa imepita kiwango kinachoruhusiwa kwa mbali sana.

Nilimpelekea mkuu wa maabara foili zote tatu. Alizigeuzageuza.

"Tutamwita fundi kutoka Mbeya," alisema. "Tukishapata ripoti yake, tutaandika barua."

"Watoto wanakunywa uji kila asubuhi, bosi."

Aliziweka foili mezani. "Basi nenda. Lakini usiseme mashine ni mbovu. Sema tunarudia vipimo."

Nilipanda bodaboda asubuhi ileile, upepo wa Agosti ukinipiga usoni, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta jikoni, sufuria iko motoni. Cheti changu kilikuwa kimebandikwa ukutani kwa ugali, juu kidogo ya mafiga, na pembe zake zilishaanza kuingia moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Umekuja kututembelea?"

Maneno niliyoyapanga yalinitoka yote kichwani. Nilimwambia mashine yetu ilikuwa mbovu upande mmoja, na chupa yake niliiweka upande huo mimi mwenyewe, na mahindi yana sumu.

Hakunifokea. Aliibeba sufuria kwa matambara, akatoka nje, akaumwaga uji wote kwenye shimo la takataka. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Na ule waliokwisha kunywa?"

"Sijui, mama."

"Wewe ndiye umesoma."

"Haidhuru kwa siku moja. Inajikusanya mwilini polepole, inaharibu ini. Pengine hawatapata kitu. Sijui."

Siku mbili baadaye wazazi waliyafukia mahindi yote nyuma ya shule, wakachanga ulezi badala yake. Nilikwenda kusaidia kuchimba, na hakuna aliyenizuia, ila hakuna pia aliyezungumza nami. Mkuu wangu alinipa barua ya onyo kwa kusema nilichokatazwa kusema. Fundi alikuja akatengeneza beseni. Mfanyabiashara yule naye tulimpimia upya chupa zilizokaa karibu na kona ile.

Yule mama hakuleta tena sampuli. Nimewahi kukutana naye sokoni mara mbili; ananijibu salamu, ananiulizia nyumbani, basi. Watu wa Mollo wameniambia siku hizi anachambua nafaka punje kwa punje juani, na hataki kusaidiwa.

Wale watoto sasa wako shule ya msingi. Nikipita huko nikawaona wametoka mapumziko, wanakimbizana na masweta yao, husimama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nawatazama macho, ule weupe wake, kama haujaanza kuwa njano.