Kitalu cha Tano

Mwaka niliopata mkataba kwenye kituo cha utafiti wa mazao pale Songea, nilikabidhiwa pikipiki, daftari lenye jalada gumu, na kazi ambayo mama yangu hakuielewa hata baada ya kumweleza mara tatu.

"Kwa hiyo wanakulipa utazame kunde?" aliniuliza.

"Ndiyo mama. Nizitazame zinavyovumilia kiu."

Aliniangalia kwa huruma, akarudi kwenye ungo wake kupepeta mchele.

Lakini kazi yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo. Ruvuma tunajaliwa mvua, na watu wa mikoa ya kati wakisikia tunalalamikia ukame wanatucheka. Ila miaka hii mvua imejifunza tabia ya kukatika ghafla, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na mkulima anabaki ameshika kiuno akitazama mawingu yanavyompita. Mkubwa wangu wa kazi, mtafiti mwenye mvi aliyezeekea kwenye mashamba makavu ya Dodoma, alileta aina tano za kunde zilizozoea shida. Alitaka zipandwe kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, makusudi, mvua zikiwa zinaelekea kuisha, ili tuone ipi itazaa kwa unyevu uliobaki ardhini tu. Ya sita ingekuwa mbegu ya mwenye shamba, ya kulinganishia. Hakuna mbolea, hakuna maji ya ndoo. Zote zikae sawa mbele ya jua.

Mmoja wa wakulima hao alikuwa bibi mmoja mjane wa huko Mpitimbi. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na alikuwa na mazoea ya kusema na mimea yake kwa sauti, bila aibu, hata mgeni akiwapo. Mbegu yake ya kunde ilikuwa ya madoadoa mekundu, ameirithi kwa mama yake, anaitunza kwenye kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Tulipima vitalu sita nyuma ya nyumba, tukachomeka vibao vyenye namba, na kunde zake zikaangukia kitalu cha tano.

Nilipomaliza kupanda nilimwambia maneno niliyodhani ni mazuri. "Bibi, vitalu hivi ni kama watoto wako sita. Naomba uvitunze."

"Usiwe na wasiwasi, mjukuu wangu," alijibu. "Nimelea tisa."

Nikawasha pikipiki, nikaondoka nimeridhika. Wakulima wengine niliwasomea maelekezo yote neno kwa neno. Kwake, kwa kuwa tulikuwa tumeshazoeana na jua lilikuwa linazama, niliona mfano wa watoto unatosha.

Kila wiki nilikwenda kuandika. Mvua ya mwisho ilinyesha, ikafuata ile baridi kavu ya kwetu inayopasua midomo, na kunde zikaanza kuonyesha tabia zao. Kitalu cha kwanza kilikunja majani. Cha tatu kilipukutisha maua. Cha nne kilisimama kimya kama mtu asiyetaka makuu. Na cha tano, mbegu ya bibi, kilikuwa kimenawiri ungedhani kipo kando ya mto. Niliandika nilichokiona, na kila nilipopeleka daftari ofisini mkubwa wangu alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hii ya kienyeji?" aliuliza. "Una hakika?"

"Nina hakika. Nimehesabu mwenyewe."

Akapanga siku ya wakulima kutembelea shamba lile. Walikuja akina mama wa vijiji vya jirani, afisa ugani na diwani, na mkubwa wangu akiwa amevaa kofia mpya. Yeye ni Mhehe, na bibi alipoambiwa hivyo uso ulimng'aa, maana Wahehe na Wangoni, waliopigana vita enzi za mababu, sasa ni watani.

"Karibu mtani!" alipaza sauti. "Safari hii mmekuja bila mikuki?"

"Tumekuja kuteka kunde tu," alijibu mkubwa wangu, na watu wakacheka, siku ikachangamka tangu asubuhi.

Walipofika kitalu cha tano mkubwa wangu alisimama mbele yake, akawahutubia watu. Alisema tulikwenda kutafuta mbali, kumbe mbegu ivumiliayo ukame ilikuwa inalala kwenye kibuyu cha bibi huyu. Alisema atawaandikia wenzake wa Dodoma waje wajionee. Akina mama walipiga vigelegele. Bibi aliinamisha kichwa, akavuta ncha ya khanga mpaka mdomoni.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa nikihesabu maganda kwa ajili ya wageni. Nikaona kitu cheusi kwenye udongo, kati ya mistari. Nikakishika. Majani ya chai yaliyochemshwa. Nikachimbua kidogo kwa kidole: udongo ulikuwa na unyevu, tena ulinukia sabuni. Mbele kidogo kulikuwa na punje tatu za wali. Nikasogea kitalu cha nne, nikachimbua. Vumbi tupu.

Mkubwa wangu alikuwa bado anazungumza, diwani anapiga picha kwa simu. Nilifukia yale majani ya chai kwa kidole gumba, nikasimama, nikapiga makofi pamoja na wengine. Hilo ndilo jambo ambalo sijivunii.

Wageni walipoondoka nilibaki kwa kisingizio cha kukusanya vibao. Bibi alinimiminia togwa, tukakaa kwenye mkeka.

"Bibi," nilimwambia, "kitalu cha tano kinakunywa chai?"

Alinitazama. Nilidhani atakana. Badala yake alicheka, akajifuta macho, kisha akaacha kucheka.

"Kilikuwa kinanyong'onyea, mjukuu wangu. Ukinyanyua macho unaviona hivi vigeni vimesimama vinakiangalia. Ni mbegu ya mama yangu. Nikasema wageni watakuja, wakute mbegu ya mama imelala chini kama mlevi? Nikawa nakipa maji ya vyombo. Na ya kunawa. Jumapili nilikipa ya kisimani."

"Lakini vingine je?"

"Wewe uliniambia ni watoto wangu. Kwenye nyumba, mtoto mnyonge ndiye anayeongezewa uji. Nimelea tisa, hakuna aliyenifia."

Maneno yale yalikuwa yangu mwenyewe, yamenirudia yakiwa na akili kuliko nilivyoyatuma. Nikamweleza, kwa kuchelewa, kile nilichopaswa kumweleza siku ya kupanda: kwamba tulitaka kuona mimea inavyonyong'onyea, kwamba mwaka ambao hata maji ya kuoshea vyombo yatakuwa ya shida, mkulima ajue kunde ipi itamlisha. Alisikiliza ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo nimewadanganya watu wote wale," alisema polepole. "Na mtani wangu na kofia yake."

"Tumewadanganya, bibi. Mimi niliona nikanyamaza."

"Basi kesho ukaungame."

Usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu. Mkataba wangu ulikuwa wa msimu kwa msimu, na nilikwishaona vijana wakiambiwa ahsanteni kwa makosa madogo kuliko hilo. Asubuhi niliingia ofisini kabla sijavua hata koti la pikipiki, nikasema yote: mfano wa watoto, majani ya chai, kidole gumba. Mkubwa wangu akafungua daftari langu, akapitisha mstari mmoja kwenye safu nzima ya kitalu cha tano. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ni hasira, kumbe ni kicheko kilichokuwa kinatafuta njia.

"Mngoni amenipiga vita tena," alisema alipopata pumzi. Kisha akawa makini. "Hujafutwa kazi. Lakini mfano wa watoto usiutumie tena maisha yako yote. Na hao waliotupigia vigelegele, tutarudi kuwaambia."

Tulirudi Jumapili iliyofuata, baada ya misa, watu wakiwa wamekusanyika. Mkubwa wangu aliwaeleza akina mama bila kumtia bibi aibu. Alisema kosa ni la watafiti, walimpa mtu kazi bila kumpa sababu ya kazi. Lakini bibi hakukubali kufunikwa. Alisimama mwenyewe.

"Maji nilitia mimi, kwa ndoo yangu. Haya mtani, nipe kitubio."

"Kitubio chako," alijibu mkubwa wangu, "ni kurudia jaribio zima mwakani. Bila chai."

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akalazimika kukaa chini.

Mwaka uliofuata ndio msimu niliofurahia kuliko yote niliyowahi kufanya kazi. Bibi aligeuka mlinzi mkali. Alihamisha kichanja cha vyombo upande wa pili wa nyumba ili asijaribiwe, na jirani aliyekatiza shambani na ndoo kichwani alihojiwa. Alikuwa ananipigia simu jioni. "Cha tano kimeinamisha kichwa leo. Nimepita nimefumba macho." Au, "Hiki cha nne kina kiburi jamani, hakioni hata jua." Alijifunza kuhesabu maua akawa ananisahihisha mimi.

Jua lilipofanya kazi yake, majibu yalikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Cha kwanza na cha tatu viliungua kabisa; cha pili na cha sita vilizaa kiasi. Mbegu ya mama yake ilipata taabu lakini ilitoa maganda, machache, yaliyojaa. Cha nne kilizaa kama hakikusikia kwamba mvua imeisha. Bibi alizunguka kitalu kile mara mbili, kisha akalishika ganda moja kama anayempa mtu mkono. "Umeshinda kwa haki," alikiambia.

Siku ya kuonja tuliwasha mafiga mbele ya nyumba, chungu kimoja kwa kila aina iliyozaa, maji sawa, kuni sawa, chumvi sawa, mimi nikishika saa. Akina mama hawakuambiwa chungu kipi ni cha namba gani. Hapo ndipo kunde ya nne ilipokutana na mahakama. Vyungu vingine vilikwisha kuiva, watu wanaonja, yenyewe bado inagonga meno.

"Hii inakula kuni," mama mmoja alitoa hukumu. "Andika hivyo."

Mkubwa wangu, ambaye katika fomu zake zote hakuwa na sehemu ya kuni, alichora mstari kwa kalamu na kuandika kwa herufi kubwa: INAKULA KUNI. Mama mwingine akasema ukiiloweka usiku kucha itatulia tu. Wakabishana, wakaonja tena, wakacheka. Mwisho walikubaliana kwamba ya nne ipandwe kwa ajili ya ghala na soko, na ilowekwe kabla ya kupikwa. Ila kwa likolo, ndivyo tunavyoiita mboga ya majani huku kwetu, tuliyoipika pembeni kwenye sufuria, hakuna iliyofikia majani ya kunde ya madoadoa. Yalikuwa laini, matamu, hayahitaji hata karanga. Bibi alipoambiwa kwamba sufuria ile waliyoigombania ilikuwa ya mbegu ya mama yake, alirudia kuuliza mara ya pili, kusudi wote wasikie.

Tukamwomba bibi mbegu kidogo ili zihifadhiwe kituoni na zitumike katika utafiti wa baadaye. Alikubali kwa sharti moja: aziwasilishe mwenyewe. Alikuja Songea na gari la asubuhi, amevaa doti mpya, kibuyu amekipakata. Nilimtembeza kote. Kwenye chumba cha baridi cha mbegu alijikunyata.

"Mnaziweka kwenye friji kama soda?"

"Zinalala tu, bibi. Zikihitajika zinaamshwa."

Alimimina mbegu zake kwenye chupa, akasoma lebo iliyoandikwa jina la kijiji chake, akasoma tena kwa kidole. Mama yangu alikuwa amekuja kumwona, maana nilimsimulia sana. Waliamkiana, wakashikana mikono, na sikupata tena nafasi ya kusema na yeyote kati yao mpaka mchana.

Baada ya chakula bibi alisema ana haja moja sokoni. Sisi tulidhani ni sukari au kitenge. Akatupeleka moja kwa moja kwenye duka la viatu, akaonyesha gambuti za kijani zilizoning'inia mlangoni. Alisema mtafiti hawezi kuingia shambani asubuhi na ndala, umande unamlowesha. Muuzaji alitafuta namba ndogo kuliko zote. Alizivaa pale pale, akakataa kuzivua, na akakatiza soko kuu na doti yake mpya na gambuti zake za kijani, mama yangu pembeni amemshika mkono, wakicheka jambo ambalo hawakuniambia.