Kofi la Silabi ya Pili

Mtaani kwetu hakuna anayenishinda kwa maneno, na darasa niliishia la tano. Ila jirani yangu, mwalimu mstaafu, hunishinda kwa vidole. Ni vifupi, vimejaa unga wa tambi, na kila kitenzi hukigonga mezani: silabi nyepesi kidole, yenye mkazo kofi. Ermete seremala alipopata kiharusi akapoteza kauli, mwalimu alimjia kila asubuhi, akimgongea kiganjani neno moja la Kiitaliano chetu, ar-RI-va-no, yaani wanafika, maana wanawe walikuwa njiani kutoka Torino.

“Mwache mzee wa watu, utamvunja mkono!” nikamtania.

“Nyamaza wewe! Hata hilo la tano nilikupitisha kwa huruma.”

Jumapili honi ikalia nje. Ermete akafunua mdomo: “Ar… ri… va… no.” Tukalia sote, mimi nikasingizia kitunguu. Mwalimu peke yake hakulia.

“Umezisawazisha zote, Ermete. Ya pili ina kofi. Rudia.”

Ermete akavuta pumzi, akamshika mwalimu mkono, na kwenye silabi ya pili akamzaba kofi la kiganjani lililosikika mpaka kwa wanawe mlangoni.