Jinsi Tamthilia Yangu Ilivyofika Kinoo

Tamthilia tuliyoiandika watu watatu kwa miaka miwili, kwenye meza ya plastiki nyumbani kwangu Riruta, ilianza kuonyeshwa Ijumaa. Niliamka na furaha kama mtoto mwenye nguo mpya. Nikafungua mtandao wa filamu wa ng'ambo ulioinunua, ambao nilikuwa nimeulipia kabisa, nikabonyeza. Ukaniandikia kwamba kipindi hiki hakipatikani katika nchi yako.

Nchi yangu ipi tena? Tumeirekodi Kangemi, Kinoo na katikati ya jiji, waigizaji wanaongea Sheng mwanzo hadi mwisho, halafu watu wa Ulaya ndio wanaoruhusiwa kuitazama. Nilicheka, nikakasirika, kisha nikakumbuka Jumapili.

Mama yangu, anayeishi Kinoo, alikuwa amewaalika akina mama wa kikundi chake cha kanisa waje baada ya ibada waone kazi ya binti yake. Miaka miwili walikuwa wakimuuliza, kwa ule upole unaochoma, kama bado sijapata kazi. Alikuwa ameshaagiza mandazi na kuazima viti. Ningempigia simu nimwambie haipo, wenzake wangesema haikuwahi kuwapo.

Jumamosi asubuhi nikaenda Kangemi kwa jamaa mwenye duka la muvi, mmoja wa wale unaowapelekea flashi wakujazie chochote unachotaka. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemgombeza mbele ya wateja wake, nikamwambia watu kama yeye ndio wanaotunyima riziki sisi waandishi. Aliponiuliza vipindi visivyoletwa Kenya watu wavipate wapi, nilimjibu wangoje.

"Sasa, mwandishi," akasema. "Umekuja kunisomea tena?"

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anayo tamthilia yetu.

"Niko nayo yote, hadi episode ya mwisho. Imeingia jana jioni." Akanitazama. "Lakini si ulisema tungoje? Wewe umengoja siku ngapi?"

"Moja."

"Haya, leta flash."

Niliutazama mstari wa buluu ukijaa kwenye kompyuta yake, tamthilia ikiingia kwenye flashi. Nilipaswa kuona aibu, lakini niliona raha tupu. Hata nilifurahi kwamba kuna mtu aliyeona kazi yetu inafaa kuibwa.

Jumapili sebule ilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi. Nilikuwa nachomeka flashi kwenye televisheni Mama aliponivuta jikoni. Huyu ni mwanamke ambaye parachichi la jirani likianguka upande wetu, alikuwa akinituma nilirudishe.

"Si ulisema hii ni ya kulipia kwa mtandao? Hiyo umeitoa wapi?"

Nikamweleza yote, Ijumaa yangu na duka la Kangemi. Alipangusa mikono kwa leso, na mimi nikaona viti vyote vile vikirudishwa kwa majirani.

"Lakini ni kazi yako," akasema polepole. "Wewe ndio uliandika. Umeruhusu?"

"Nimeruhusu, Mama."

Uso wake ukachangamka. Akarudi sebuleni na sahani ya mandazi akiwatangazia kwamba mwenyewe ameruhusu.

Tulitazama sehemu nne bila mtu kuinuka. Walicheka pale nilipotaka wacheke, na mmoja akapiga kelele alipoona geti la nyumba yake. Nilikaa sakafuni nikiwatazama. Sijawahi kupata siku tamu kama ile. Jina langu lilipotokea, Mama alilisoma kwa sauti, herufi moja moja, kidole kikigusa kioo.

Ruhusa ile haikuwa yangu kuitoa. Niliiuza pamoja na tamthilia yenyewe, na sahihi yangu iko kwenye mkataba.

"Nyinyi mlikuwa mnaniuliza," Mama akawaambia wenzake, mkono wake begani kwangu. "Huyu hajawahi kunidanganya hata siku moja."