Swichi ya Mama Mdogo

Kosa langu la kwanza katika ufundi lilikuwa kufunga swichi kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Ukizima, taa inazimika kweli, lakini holda ya balbu inabaki na umeme. Nililifanya nyumbani kwa mama mdogo wangu, mtaa wa Msamala, nikiwa na miaka kumi na saba, na siku taa ilipowaka nyumba nzima ilinipigia makofi.

Enzi zetu umeme tuliujua kwa kuung'ata. Betri za redio zikichoka tulizitia meno, tukazianika juu ya bati, na jioni taarifa ya habari ikasikika tena, hafifu kama mtu anayeongea ndani ya debe. Wadogo zetu wa leo simu ikibaki na chaji kidogo wanahema kama wagonjwa. Sisi tulisomea kibatari, pua zikawa nyeusi, harufu ya mafuta ya taa ikaingia mpaka kwenye ugali na dagaa wa Nyasa. Mimi nilifungua kila redio iliyokufa mtaani. Hakuna aliyenifundisha. Baba aliniangalia akasema, "Umeme hauna mjomba. Ukikosea haukuulizi wewe ni mtoto wa nani." Nilicheka. Nilidhani ananionea wivu.

Nguzo zilipofika mtaani kwetu, kila mtu alitaka taa kabla ya jirani, na fundi wa karibu nilikuwa mimi. Leseni sikuwa nayo, lakini hilo halikumsumbua mtu. Kulikuwa na mzee mmoja wa mtaa wa Majengo mwenye leseni na muhuri. Sisi tulifunga waya, yeye aligonga muhuri kwenye fomu ya kuombea umeme. Nilimpelekea ya mama mdogo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Aliuliza kama nimefunga vizuri. Nikasema ndiyo. Akaiweka fomu gotini, akagonga muhuri juu ya maneno yaliyosema ameikagua nyumba ile. Msamala hakuwahi kufika.

Mama mdogo alikuwa mshonaji. Sare zetu za shule, nguo za Krismasi, mashati ya kipaimara, vyote vilitoka kwenye cherehani yake. Balbu ya chumba cha kushonea ilipoungua, alifanya kila kitu sawasawa: alizima swichi, akapanda stuli, na kwa kuwa ilikuwa inayumba akajishikiza kwenye nondo ya dirisha. Mkono mwingine ukagusa holda. Umeme ulimrusha chini, akaangukia mkono wa kulia.

Watu wote wakiwa hospitali, mimi nilirudi kwake na bisibisi. Nilizima meinswichi, nikabadilishia nafasi waya wa moto na wa nyutro, nikapangusa ukuta mpaka alama ya kidole isionekane. Watu walisema balbu za siku hizi ni feki. Wengine wakasema ni mipango ya Mungu. Nami niliitikia amina, Mungu anisamehe, huku nikijua mpangaji ni nani.

Mfupa uliunga vibaya. Vidole havikukunjika tena vizuri, na cherehani ikafunikwa kitenge. Nilikaa na siri hiyo miaka sita. Usiku niliamka kugusa swichi za nyumbani, moja baada ya nyingine, nikirudia kuhesabu.

Nilipomweleza hatimaye, alikuwa anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Hakuacha.

"Nilijua," alisema. "Swichi niliizima mwenyewe, mwanangu. Nilikuwa nasubiri uje na miguu yako."

Kisha akanitaka nimsogezee ungo.

Nilienda chuo cha ufundi, nikafanya mitihani, nikapata leseni. Sasa vijana ndio wanaoniletea fomu. Shikamoo zao tamu, nyumba zao sijaziona. Nikiwaambia lazima nifike na testa nijaribu kila holda, wananiita mnoko, wanakwenda kwa mwingine, na kabla ya jua kuzama wameshagongewa muhuri. Mtaa wetu unawaka kila dirisha. Zamani, kwenye giza la kibatari, angalau tulijua kinachoweza kutuunguza kiko wapi.

Kilichobadilika ni hiki: nina leseni, swichi zangu zote ziko kwenye waya wa moto, na nguo za Krismasi tunashonesha kwa mtu mwingine.