Wavu Kwenye Tangi

Bwana injinia wa Kitale, niliyemfanyia ukalimani mwanzoni mwa miaka ya hamsini, alikuwa na neno moja alilolitumia kwa kila kitu. Reli ilikuwa netiweki. Nyaya za simu zilizoshuka kutoka Kitale kwenda Bungoma, netiweki. Mabomba yaliyozikwa chini ya mji, netiweki. Hata nondo zilizofungwa ndani ya zege, ambazo hakuna mtu angeziona tena, aliziita hivyo hivyo. Mimi nami nilikuwa na neno moja, "wavu", na nikalichakaza.

Halikuwa neno baya. Ukiutazama wavu utaona ni nyuzi zilizofungana ili mzigo wa mmoja ubebwe na wote. Chuma kimoja ndani ya ukuta hakisaidii sana. Kikifungwa na wenzake, maji yanaposukuma upande huu, chuma cha upande ule nacho kinavuta.

Hayo nilimweleza fundi tuliyempa kazi ya tangi la maji kwenye zahanati ndogo upande wa Mabanga. Alikuwa mtu mzima, amejenga nyumba za udongo pale tangu ujana wake. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Karani," akasema, "huyu bwana yako kwao alikuwa mvuvi? Kila kitu ni wavu tu."

Kisha akazunguka nondo zilizosimama, zimevikwa waya, akazitikisa.

"Hii ni nyumba ya matope. Fito ni ya chuma, matope ni simiti. Hakuna kitu ingine hapa."

Nilifurahi. Mtu akikuonyesha kwamba amelifahamu jambo kwa njia yake mwenyewe, mwache alishike hivyo. Nikamwambia maagizo yaliyobaki: akimaliza kupiga plasta, aifunike kwa magunia na kuimwagia maji kila siku, asubuhi na jioni, mpaka nirudi. Akaitikia, "Ndiyo, karani." Nikapanda lori kurudi Kitale.

Muuguzi wa zahanati alikuwa akilingojea tangi hilo kuliko sisi sote. Alikuwa ameahidiwa vitanda vya akina mama wa kujifungua, kwa sharti kwamba maji yawepo pale pale. Bila maji, mama aliyezidiwa angeendelea kubebwa kwa mkokoteni hadi Bungoma. Wengine walijifungua njiani. Mvua za masika zilikuwa karibu. Tangi lisipokinga maji ya mvua hizo, ahadi ingesubiri mwaka mwingine, na ahadi inayosubiri mwaka mara nyingi husahauliwa.

Niliporudi, nilikuta magunia yamekunjwa vizuri kando, makavu. Ukuta wote ulikuwa na nyufa nyembamba zilizokatana kama ngozi ya kobe. Fundi alinipokea akitabasamu.

"Wavu yako hiyo, karani. Imetokea yenyewe."

Nilikaa juu ya jiwe. Hakuwa akinidhihaki. Kwenye nyumba ya udongo, safu ya kwanza huachwa juani ipasuke; nyufa ndizo zinazoishika safu ya pili. Fundi asiyengoja zipasuke ni fundi mbaya. Na tena kulikuwa na sababu nyingine, ambayo aliitoa kwa sauti ya chini nilipouliza habari za maji.

"Hawa mama wanapanda na maji kutoka mtoni, debe juu ya kichwa. Mimi niseme, leta nimwagie ukuta? Si wataniona mwendawazimu?"

Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa mtu anayejua kwamba ataeleza tena. Nikamwita akae.

"Udongo hupata nguvu ukipoteza maji," nikamwambia. "Simiti hupata nguvu ikinywa maji. Ni kama mtoto mchanga. Ukimnyima ziwa siku za kwanza, atakuwa mkubwa lakini mifupa haitashika."

Akausugua ukuta kwa kidole gumba.

"Kwa hivyo huyu alilia, na mimi nikaona anacheka."

"Ndivyo."

"Ungesema hivyo mbele, ningeelewa." Akasimama. "Sasa maji nitaomba mwenyewe."

Akaenda kwa akina mama waliokuwa kwenye foleni ya dawa. Mmoja wao, mwenye mimba kubwa, alimkatiza kabla hajamaliza.

"Ati ukuta una kiu? Fundi, umelewa asubuhi hii?"

"Mama, uninyweshee huyu sasa, wewe utanyweshwa na yeye baadaye."

Walicheka, lakini walileta. Tulikoroga simiti nyepesi tukaisugua ndani ya nyufa kwa brashi, tukapiga plasta nyingine juu yake, tukatundika magunia, tukamwagia. Kesho yake tena, na siku zilizofuata. Shingo za wale mama zilikuwa zimekakamaa. Muuguzi mwenyewe alishuka mtoni akiwa na sare yake. Hakuna aliyeimba. Ilikuwa kazi ya kuchosha, bila sifa.

Mvua ilikuja kwa fujo, tangi likajaa, na bwana injinia akafika siku iliyofuata. Kwa nje, ile michoro ya nyufa ilikuwa imerudi, sasa imelowa, kila mstari ukitoa jasho. Fundi alisimama mbali kidogo, hakutazama. Injinia aligusa, akanusa kidole, akasema tungoje, simiti iliyokunywa maji vizuri huweza kujiziba. Nikatafsiri, nami mwenyewe bila kuamini sana.

Tulingoja. Mistari ikaanza kukauka mmoja mmoja, ikaacha chokaa nyeupe, hadi tangi zima likavaa wavu mweupe na jasho likakoma. Injinia alipopita tena, akaandika kwamba vitanda viletwe.

Fundi alikuwa ameketi chini ya bomba la tangi, mgongo kwenye ukuta, amefumba macho. Yule mama mwenye mimba akaja na debe lake, akampiga kisigino kwa ncha ya mguu.

"Sogea, fundi. Nimekuja kulipwa maji yangu."

Akasogea bila kufumbua macho.