Maua ya Safu ya Shurua

Wakikusimulia habari za Saidati, mke wa Ismaili dereva, watu wa mtaa wa Waswahili pale Gisenyi huanza na hasira yake. Watakuambia alikuwa mkali kama pilipili, salamu hatoi, kucheka hajui. Uongo mtupu. Saidati alicheka vizuri sana mpaka mwezi wa tano wa mwaka 1955, na kama ungefanyiwa wewe aliyofanyiwa yeye, hata hizo salamu tusingezipata kwako.

Mwaka 1951 shurua ilipita mtaani ikazoa watoto tisa katika mwezi mmoja. Mmoja wao alikuwa Zamuda, binti pekee wa Saidati, miaka minne. Baba yake alikuwa njiani na lori la mizigo, anakwenda Usumbura, na habari hazikumfikia mpaka siku ya sita. Kwa hiyo mdogo wake, Harerimana fundi cherehani, ndiye aliyembeba mtoto, akashuka naye shimoni, akamlaza. Saidati hakuwapo. Kwa desturi yao wanawake hubaki nyumbani, wanaume ndio wanaozika. Siku chache baadaye Harerimana alimpeleka shemeji yake makaburini, akamwonyesha tuta moja katika safu ya matuta tisa, akasema, "Ni hii," kisha akarudi zake kwenye cherehani.

Ni hii! Udongo wa kule ni mweusi na mwepesi, wa volkano. Mvua mbili tatu tu, tuta limelala chini. Ukiweka jiwe, mawe yamejaa kila unapokanyaga, nani atajua lako ni lipi? Kibao cha mti huoza. Wanaume hayo hayakuwasumbua, kwa sababu wao hawarudi makaburini mpaka afe mwingine.

Aliyesumbuka ni mama. Siku moja Saidati alipanda mlima Rubavu kutafuta kuni, akaona katikati ya mawe ua jekundu lenye koo la njano, maua sita saba yamepangana kwenye bua moja, na majani yake membamba yamesimama wima. Alikuwa amelipita tangu utoto bila kuligeuzia shingo. Siku hiyo alisimama, akakumbuka kwamba ua hilo hufa kila kiangazi, likakauka lisionekane hata jani, na mvua zikirudi huchomoza palepale. Hakuna anayelipanda wala kulimwagilia. Akachimba kwa mti, akakuta kitunguu chini, akakifunga kwenye kanga.

Kitunguu cha kwanza alikiua mwenyewe kwa mapenzi. Kiangazi kilipofika, jani likawa njano, yeye akakimwagilia maji kila jioni mpaka kikaoza. Alilia kwa ajili ya kitunguu kile kama aliyefiwa tena. Akapanda tena mlimani, akaleta kingine, na safari hii akajifunza: kizikwe urefu wa kiganja, ncha juu, magugu yang'olewe kwa vidole, jembe lisisogee, ua likianguka, jani lisikatwe mpaka likauke lenyewe, kiangazi usiguse kitu, kipo usingizini. Na kila baada ya mwaka mmoja au miwili, ufukue kidogo kandokando, utoe vitoto vyake, maana vikijaa vinambana mama yao.

Vitoto hivyo Saidati alivigawa. Mama wa mtoto wa pili akapata, na wa tatu, mpaka safu nzima ya shurua ikawa na maua tisa, yote yametoka kwa Zamuda. Mukarugwiza, mjane jirani yake, naye akapanda kwenye kaburi la mumewe, upande wa chini penye miiba. Wenzake walipanda wakaacha, basi, na vitoto vikarundikana chini. Saidati hakuacha. La Zamuda alilisafisha mpaka punje ya mwisho, na kila mwezi wa nne lilikuwa refu kuliko yote. Alikaa pembeni yake kila Ijumaa, akijua binti yake yuko wapi. Hilo tu ndilo alilokuwa nalo, na hakuna aliyemsaidia kulipata.

Sasa sikia ya mwaka 1955. Ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa kutoka Usumbura atapita, na kila mtaa upambe kipande chake cha barabara. Mtaani ikaundwa kamati ya mapokezi, na mwenyekiti akawa nani? Harerimana! Mtu akipewa cheo cha wiki mbili anajishonea suti. Alitembea barabarani mikono nyuma, akatazama waridi za Wazungu kule ufukweni, akaona mtaa wake utaaibika. Kisha akakumbuka kwamba alipomzika mtu mwezi ule aliona maua mekundu.

Alikwenda na wanaume kumi na majembe. Wakang'oa kila ua na kitunguu chake, wakafunga mafungu kwa kamba za migomba, wakayasimika kando ya barabara. Na kwa kuwa mwenyekiti alipenda usafi, akaamuru mahali pote pasawazishwe na kufagiliwa. Matuta yaliyobaki wakayalaza chini.

Mgeni alipita saa nne, vioo vya gari vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Mzungu mmoja wa msafara alishuka, akampa Harerimana mkono, akapanda tena. Biashara ikaishia hapo.

Saidati alikuwa amekwenda Nyakiriba siku tatu kuuguza shangazi yake. Aliporudi ilikuwa Ijumaa, akaenda moja kwa moja makaburini, akakuta uwanja. Hapakuwa na safu. Hapakuwa na kitu. Alizunguka akidhani amepotea njia, mwanamke aliyekuja pale kila wiki kwa miaka minne, mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akaenda dukani kwa shemeji yake, hana kiatu kimoja.

"Shemeji, maua ya Zamuda iko wapi?"

Harerimana alitabasamu, masikini. "Tulipanda mu barabara, Mama Zamuda. Ilikuwa muzuri sana! Batu yote walisifia. Mupaka Muzungu alinipa mukono."

"Mi sikuulize Muzungu. Nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini? Maua ya pori ile! Kule mu mulima iko mingi. Donc, mi nilitaka tu mutaa wetu isipate haya."

"Bon. Maua ni ya pori. Na mutoto, naye ni wa pori?" Saidati hakupaza sauti, na wateja wote wakaacha kupima nguo. "We ndiye uliingia mu shimo. We ndiye ulimulaza. Mi sikuwa pale. Simama, uende unionyeshe fasi kaburi yake iko."

Akasimama, angefanya nini? Nusu ya mtaa ikawafuata. Makaburini Harerimana alikwenda hatua kumi, akanyoosha kidole. "Iko hapa." Akarudi nyuma. "Hapana, ngoja kwanza. Iko pale, karibu ya ile jiwe."

Mawe yalikuwa mia.

"Ile gani?" akauliza Saidati.

Akajifuta jasho. Akaenda kulia, akaenda kushoto, na kila alipokwenda Saidati alikuwa nyuma yake. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mama Zamuda, mi sijue."

Inakera, jamani! Mtu amepewa maiti ya mtoto wa kaka yake mikononi, yeye peke yake kati ya ndugu wote alijua mahali, akapasahau. Na mwanamke aliyekumbuka kwa niaba yake akaja akafutiwa alama ili barabara ipendeze kwa saa moja. Saidati alikimbilia barabarani kuokota vitunguu. Wafagiaji walikuwa wameshavitupa ziwani.

Harerimana aliona haya kweli, lakini haya ya mtu wa aina yake ni hatari kuliko kosa. Kesho yake alikuja na majembe tena. Alitaka palimwe vizuri, papandwe majani ya uwanja, mawe yapangwe mstari, pawe mahali pa heshima. Akamkuta Saidati amekaa chini katikati, amechimbua kidogo kwa kidole. Kiganjani alikuwa na kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi.

"Unaona hii? Ni mutoto wa ua. Muling'oa mama, watoto walibakia mu udongo. Mvua ikirudi wataota fasi yao. Jembe ikiingia hapa, ipite kwanza juu yangu."

Akairudisha punje ardhini. Tangu siku hiyo alihamia pale. Asubuhi alikuja na kigoda na mkeka wa kusuka, akaondoka jua likizama. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Mbuzi akitokea, jiwe. Mtu akikata njia, matusi. Ismaili aliporudi safari alikuta chakula kwa Mukarugwiza. Hakunung'unika, naye alikuwa na mtoto pale. Ni wakati huo watu walipoanza kusema Saidati ana hasira. Afadhali! Hakuna hata mmoja wao aliyejitolea kukaa zamu.

Mvua zikaja mwezi wa tisa. Siku ya kumi na mbili yakaonekana majani mawili, membamba kama nyuzi, mtu mwingine angeyaita nyasi. Kesho yake matano. Pale palipokuwa na vitunguu vilivyosahauliwa bila kusafishwa, yalitoka kwa kundi, ishirini, thelathini. Wamama wakaja mbio. "Huyu ni wangu! Huyu ni wangu!" Wakalia, wakamkumbatia Saidati, wakaenda zao.

Saidati akatafuta la kwake. Akapiga magoti, akainamisha uso mpaka pua ikagusa udongo. Halikuwapo. Alisubiri wiki nzima, wiki ya pili pia, na siku moja akaelewa, akajipiga paja. Ni yeye. Msimu uliopita alilisafisha kwa mikono yake mwenyewe, akatoa vitoto vyote mpaka punje ya mwisho, akavigawa. Aliyeacha kazi alilipwa. Aliyetunza akakosa. Kama hilo halikukasirishi, sijui wewe una moyo wa nini.

Alikaa chini, akatazama vile vikundi vya kijani mbele yake kama anawatazama watoto wa watu wakicheza. Vimepangana sawasawa, hatua mbili, hatua mbili. Hatua mbili. Kisha hatua nne. Akainuka polepole.

Alimtuma mtu dukani. Harerimana alikuja na futi ya kupimia shingoni.

"Hesabu," akasema Saidati.

Akahesabu. "Munane."

"Walikuwa ngapi?"

"Tisa."

Harerimana akatazama safu, akaona pengo kati ya la nne na la tano, mahali patupu pasipo na jani hata moja. "Iko hapa," akasema. "Nakumbuka sasa. Nilikanyaga ile mwamba wakati wa kutoka. Yewe, Mama Zamuda, iko hapa."

"Mi ninajua iko hapa," akasema Saidati. "Sikukuita unionyeshe."

Mukarugwiza alikuwa amefika. Wafagiaji wa kamati hawakuliona kaburi la mumewe kule kwenye miiba, na kitunguu chake kilikuwa kimezaa. Alitoa kimoja kwenye pindo la kanga. Saidati hakukipokea; akamwashiria ampe Harerimana.

"Panda."

Fundi akapiga magoti na suruali yake ya mwenyekiti, akafukua kwa vidole urefu wa kiganja, akakiweka, akaanza kufukia.

"Toa. Umekilaza kichwa chini. Geuza. Ncha iangalie juu."

Akakitoa, akakigeuza, machozi yanamdondoka kwenye udongo, na Saidati hakumwambia asilie. Kila Ijumaa tangu siku hiyo, mvua inyeshe isinyeshe, Harerimana alifunga duka akaenda kung'oa magugu kwa vidole, na shemeji yake alisimama nyuma yake, amekunja uso. Ua lilichanua mwaka wa pili. Yeye ndiye aliyeliona kwanza, akaja mbio mtaani kumwambia, na Saidati akamuuliza liko wapi, ili tu amsikie akisema.

"La tano kutoka juu," akasema Harerimana. "Zamuda."