Daktari Alipouliza Mito

Mke wangu alikuwa hawezi kulala chali. Alianza na takia moja, akaomba la pili, na kufikia mwaka ninaousimulia alikuwa na manne, yamepangwa ukutani, naye kayaegemea karibu ameketi. Yote niliyashona mimi. Nilikuwa fundi cherehani Dongobesh, kwenye baraza la duka la mjomba wangu, na mabaki ya vitambaa nilikuwa nayo tele. Kila alipoomba jingine nilinuna, nikamwambia atanimalizia vitambaa vya watu, kisha nikalishona siku hiyo hiyo. Mimi nikiogopa hununa. Yeye alilijua hilo kabla yangu.

Alitoka kwa wafugaji wa upande wa Balangdalalu. Utotoni aliugua homa iliyomvimbisha magoti na viwiko, akapona, watu wakasahau. Nilipomwoa alikuwa anateka maji na kurudi akiimba. Miaka sita baadaye alikuwa akitoka jikoni anapumzika mlangoni kabla ya kufika uani. Tulikuwa hatujapata mtoto, na wakunga walimwambia asijaribu.

Kiswahili alikipata kwangu, pale pale barazani, neno kwa neno, na makosa yangu yote akayabeba. Nyumbani kwetu kitu cha kulalia kichwa tuliita takia, kama alivyokiita marehemu mama yangu. Mto kwake ulikuwa wa maji tu.

Tulikwenda hospitali Mbulu wakati wa masika, enzi za Mwingereza bado. Lori lilikwama kwenye mto, abiria tukaambiwa tushuke tuvuke kwa miguu. Nilimbeba mgongoni. Maji yalinifika mapajani, nikawa nahema kama punda, naye akanicheka sikioni: "Fundi, sasa mgonjwa ni nani?"

Daktari alikuwa Mzungu mzee mwenye Kiswahili cha pwani, safi kuliko chetu. Tulimwamkia shikamoo, akaitika vizuri. Alimsikiliza mke wangu kifuani na mgongoni kwa muda mrefu, halafu akatueleza bila haraka. Ndani ya moyo kuna mlango, na wa mke wangu ulikuwa umekakamaa ukawa mwembamba, damu inarudi nyuma na kujaza mapafu. Nairobi kulikuwa na mpasuaji aliyeweza kuingiza kidole chake mle ndani na kuupanua. Lakini hakuchukua kila mtu. Mgonjwa aliyebakiwa na nguvu aliweza kuamka mezani, na aliyechoka sana hakuamka. Mpasuaji alitaka kulijua hilo mapema, naye daktari wetu ndiye angemwandikia barua ya kumweleza.

Nilidhani watatoa chombo fulani cha ajabu cha kupima. Kumbe yalikuwa maswali.

"Unalala vizuri, mama?"

"Nalala, daktari," akasema mke wangu. Mbele ya mzee alijibu kila kitu hivyo, kwa adabu.

"Safari ya kuja hapa ilikuchosha?"

"Kidogo. Tulikuja na lori."

Daktari alikuwa ameinama anaandika. "Na mito? Mingapi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Ila umejaa."

Daktari akatabasamu, akaandika. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale na nilielewa papo hapo kwamba hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Moyo ulinidunda mpaka nikadhani atageuka anipime mimi. Ilitosha nifungue kinywa niseme neno moja. Lakini nilimsikia akisema, "Basi huyu anafaa," nikafunga kinywa changu, nikatazama viatu vyangu.

Tulifikia kwa ndugu yangu mmoja pale Mbulu, tukisubiri lori la kurudi. Mchana huo mke wangu alikuwa na furaha ya kuchokoza. "Daktari wako wa ajabu," akasema. "Moyo unauma, yeye anauliza habari za mito ya njiani."

Siku nyingine ningecheka hadi machozi. Sikucheka, naye akaacha kutabasamu.

"Alikuwa anauliza nini?"

Nikamwambia kwamba huko pwani takia huitwa mto.

"Kwa hiyo kaandika kwamba nalalia moja."

"Ndiyo."

"Na wewe ulisikia."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka wakuchukue!" Nilimfokea, Mungu anisamehe, mgonjwa yule, hadi shemeji zake wakachungulia kutoka uani. "Ukisema manne hawatakuchukua! Utakufa pale ukutani nikikutazama!"

Yeye hakupandisha sauti. Alivuta pumzi, akangoja nyingine, ndipo akasema, "Umempa kipimo cha mwanamke mwingine, fundi. Hiyo nguo itanikaa?"

Nilikuwa nimeshona miaka kumi na miwili, na nguo zilizonirudia zote zilinirudia kwa sababu hiyo. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha ndugu yangu, nikarudi nimenawa uso. Yeye alikuwa amejifunga kanga, anangoja twende.

Tulimkuta daktari kabla barua haijaondoka. Mke wangu alisema mwenyewe: "Mito ya kulalia ni minne, daktari. Ule mmoja ulikuwa wa maji." Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akaelewa. Hakunigombeza. Alikata mstari, akaandika upya. Nikamwuliza, sasa ataamka au hataamka? Akasema hajui, na kwamba barua hii mpya huenda ikakataliwa. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, na mimi nikamchukia njia nzima hadi Dongobesh.

Majibu yalichukua wiki tano. Wiki hizo niliharibu suruali tatu za watu. Walikubali, ila si kwa haraka. Angelazwa kwanza apewe dawa za kukausha maji na kuutuliza moyo, mpaka aweze kulala chini kama watu wengine, ndipo apasuliwe. Nafasi ya msindikizaji ilikuwa ya nesi, si yangu. Nilimshonea gauni jipya, kubwa kidogo kifuani, kwa sababu sikujua watamfunga bandeji nene kiasi gani.

Nilimpokea Babati, miezi mitatu baadaye. Alishuka mwenyewe kwenye basi, amebeba furushi lake, na alikuwa anazungumza tangu ngazini bila kusimama kuvuta pumzi. Nilimshika mabega mbele ya watu wote.

Kwenye lori la kurudi alinihadithia. Siku chache baada ya kufika kwake, aliletwa mwanamke kwenye kitanda cha jirani, umri kama wake, ugonjwa ule ule. Barua yake ilisema analala vizuri. Huyo hakuambiwa angoje, alipelekwa mezani mapema asubuhi, na adhuhuri kitanda kikatandikwa mashuka mapya.

"Dada yake alikuwa kwenye benchi pale ukumbini," mke wangu akasema. "Nesi aliniambia analia kwa sababu yeye ndiye aliyemsemea mgonjwa kwa daktari. Aliogopa wasimchukue."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama barabara.

"Nikatoka kitandani, nikaenda kukaa naye. Lugha yake siijui, nilimshika mkono tu hadi ndugu zake walipokuja." Akauchukua mkono wangu, akauweka mapajani mwake. "Nilimwonea huruma sana, fundi. Kila nikimtazama nilikuwa naona ni wewe umekaa pale."